Pikapu kuvuta tela zito: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu wanaovuta matela kwa kazi: mahindi ya shambani, ng'ombe wa mnadani, matangi ya maji, boti, jenereta. Majibu yamelenga pikapu za tani moja zilizojaa kwenye barabara zetu, yaani Hilux, D-Max, Ranger na Land Cruiser 79. Karibu kila anayeuliza huanza na injini. Hapa tunaanza kwingine, kwa sababu pikapu nyingi zinazosumbuka na tela zina nguvu za kutosha. Zinachokosa ni breki kwenye tela, mzigo uliopangwa vizuri na dereva anayeitendea haki gia.

Pikapu yangu inaruhusiwa kuvuta kilo ngapi?

Ranger, D-Max na Hilux ya injini ya lita 2.8 hutangazwa katika nchi nyingi kuwa zinavuta kilo 3,500. Namba hiyo ni ya tela lenye breki zake lenyewe. Kwa tela lisilo na breki, watengenezaji hao hao huandika kilo 750 tu, na hapo ni pamoja na uzito wa tela tupu. Soma tena sentensi hiyo ukilitazama tela lako.

Kuna kikomo kingine ambacho wauzaji hawakitaji: uzito wa gari na tela vikijumlishwa. Chukua gari ambalo jumla hiyo imeandikwa kilo 5,850. Ukifunga tela la kilo 3,500, gari linabakiwa na 2,350. Kama gari tupu lina kilo 2,100, una kilo 250 za dereva, abiria, mafuta na chochote utakachoweka nyuma. Watu watatu wazima na tenki lililojaa, hesabu imekwisha. Kwa hiyo "tani tatu na nusu" ni kweli kwenye karatasi, lakini gari lililojaa mizigo nyuma na watu ndani haliwezi kuzifikia. Tafuta kibati kwenye nguzo ya mlango na kitabu cha gari lako, kwa sababu namba hutofautiana kwa mwaka, injini, giaboksi na soko ambalo gari lilitengenezewa. Gari lililoagizwa kutoka Japani linaweza kuwa na namba tofauti na lile lililouzwa Afrika Kusini, hata kama ukiyatazama yanafanana.

Halafu pima. Kukisia kwa magunia hakutoshi: gunia la mahindi linaloitwa la kilo 100 mara nyingi limejazwa lumbesa. Mizani ya kiwanda, ya ghala la nafaka au ya machimbo ya mawe na kokoto itakupimia kwa malipo madogo.

Nianze kuboresha nini kwanza?

Breki za tela, kisha upangaji wa mzigo, kisha matairi. Hivyo vitatu vikikaa sawa ndipo uangalie springi, joto la injini na gia. Kuongeza nguvu za injini kunakuja mwisho, na wengi wakishamaliza hayo ya mwanzo hawaoni tena haja nayo.

Tela langu limechomelewa na fundi wa mtaani na halina breki. Linafaa?

Kwa mzigo mwepesi, ndiyo. Kwa mzigo mzito, hapana, na hili ndilo jibu ninalotamani lisomwe kuliko yote katika ukurasa huu.

Matela mengi ya mtaani yamejengwa juu ya ekseli ya gari la zamani. Chuma ni imara, kazi ya fundi ni nzuri, lakini breki zimeachwa au hazijaunganishwa na kitu. Matokeo yake, breki za pikapu zinasimamisha magari mawili. Tuseme gari na tela vina kilo 5,500 na unateremka mlima wenye kimo cha mita 500 kutoka kileleni hadi bondeni. Nishati inayopaswa kwenda mahali fulani ni kama megajuli 27, joto linalotosha kuchemsha lita 80 za maji yaliyokuwa na nyuzi 20. Sehemu ya joto hilo huchukuliwa na injini kama uko kwenye gia ndogo, sehemu huchukuliwa na upepo na msuguano wa matairi. Yote yanayobaki huingia kwenye diski na ngoma zako.

Diski zikipata moto sana, pedi hupoteza mshiko, kisha majimaji ya breki huchemka. Majimaji mapya ya DOT 4 huchemka kuanzia nyuzi 230, lakini hunyonya unyevu wa hewa kadiri yanavyokaa, na yakishanyonya kiwango chake cha chini hushuka hadi 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea: unakanyaga, pedali inakwenda hadi sakafuni, gari halisimami. Anayefahamu Kitonga, Sekenke au mteremko wa Mai Mahiu hahitaji kuelezwa zaidi.

Una njia mbili za kawaida. Ya kwanza ni breki za kusukumwa: gari likipunguza mwendo, tela linalisukuma kwa shingo yake, yaani mkono wa mbele unaofungwa kwenye gari, na msukumo huo huvuta waya au pampu ndogo inayokaza breki za tela. Ni rahisi, haihitaji umeme, na fundi yeyote anayejua breki za ngoma anaweza kuitunza. Ubaya wake ni kwamba kwenye mteremko mrefu hukaza muda wote. Ya pili ni breki za umeme zenye kidhibiti ndani ya gari, ambazo dereva anaweza kuzirekebisha kulingana na mzigo na hata kuzikaza peke yake tela linapoyumba. Kwa tela la zaidi ya tani mbili ningechagua umeme bila kusita, mradi nyaya zifungwe vizuri ndani ya mpira na zisining'inie chini, maana barabara za vumbi huzikata.

Badilisha majimaji ya breki za gari kila baada ya miaka miwili. Ni matengenezo ya bei ndogo kuliko yote yaliyotajwa hapa.

Mbona tela linaanza kuyumba nikifika kilomita 80 kwa saa?

Karibu kila mara mzigo umekaa nyuma mno. Tela la ekseli moja linapaswa kuilemea kidogo gololi ya kuvutia, yaani kile chuma cha mviringo nyuma ya gari kinachoshika shingo ya tela, kwa kiasi cha asilimia 10 hivi ya uzito wote wa tela. Tela la kilo 2,000 liweke kilo 200 kwenye gololi. Likiweka 60, au likiwa linainua nyuma ya gari, mkia wake unakuwa mzito na kila upepo wa lori linalopishana nawe unaupiga kando. Kuyumba kunaanza kidogo, kunakua kwa kila bembea, na mwendo ukiongezeka kunakua haraka zaidi kuliko mkono wa dereva unavyoweza kukufuata.

Uzito wa shingo hupimwa kwa mizani ya magunia, ile ya jukwaa iliyo kwenye kila ghala la mahindi. Egesha tela sehemu tambarare, weka vizuizi kwenye matairi, litenganishe na gari, kisha ikalishe shingo juu ya gogo lililosimama kwenye mizani, kwa kimo kile kile inachokaa likiwa limefungwa kwenye gari. Toa uzito wa gogo. Ukipata kidogo, sogeza mzigo mbele. Ukipata kingi mno, rudisha nyuma. Kama kanuni ya kuanzia, weka kama asilimia 60 ya mzigo mbele ya ekseli, vitu vizito chini na karibu na ekseli yenyewe. Jenereta iliyofungwa kwenye ncha ya nyuma ya tela ni hatari hata kama jumla ya kilo iko ndani ya kikomo.

Ng'ombe na maji vina shida yao, kwa sababu mzigo hutembea. Ng'ombe watenganishwe kwa kizuizi cha katikati. Tangi la maji lijazwe kabisa au liwe tupu. Nusu tangi lisilo na kuta za ndani ni baya zaidi kuliko tangi lililojaa, kwa kuwa maji hukimbilia mbele ukifunga breki na nyuma ukiondoka.

Tela likianza kuyumba njiani, achia mafuta taratibu, shika usukani ukiwa umenyooka, usijaribu kulifuata huku na huku na usikanyage breki ya gari kwa nguvu. Ukiwa na kidhibiti cha breki za umeme, kaza za tela peke yake. Usiongeze mwendo ukidhani utalivuta likanyooka.

Nyuma ya gari inakaa chini na taa za mbele zinamulika mitini. Niongeze springi?

Pima kwanza uzito wa shingo, kwa sababu springi nyingi huongezwa kuficha mzigo uliopangwa vibaya.

Kinachotokea ni hiki. Hilux ya milango minne ina mita 3.085 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Gololi ikiwa mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma na tela likiweka kilo 250 hapo, ekseli ya nyuma haibebi 250. Inabeba karibu 347, kwa kuwa gari limegeuka mzani na ekseli ya mbele imeinuliwa kilo 97. Hizo 97 ndizo zilizokuwa zikiyakandamiza matairi yanayokata kona na yanayofanya kazi kubwa ya kufunga breki. Springi ngumu itainua bampa na kushusha taa, lakini haitarudisha uzito wote mbele.

Kama shingo ina uzito sahihi na gari bado linalala, basi ongeza jani moja la springi au weka mifuko ya upepo, na badilisha shokapu zilizochoka. Usiongeze majani hadi gari tupu linaruka kama mkokoteni, maana utaliendesha tupu siku nyingi kuliko siku za tela. Fupisha pia umbali wa gololi: mkono mrefu uliotokeza nyuma unaongeza tatizo kwa kila sentimita. Na mkono huo ufungwe kwa bolti kwenye chasisi. Gololi iliyokaa kwenye bampa la bomba haifai kuvuta chochote kizito.

Matairi gani?

Soma namba ya mzigo kwenye ubavu. 104 maana yake tairi moja linabeba kilo 900, 112 ni kilo 1,120, na 121 ni kilo 1,450. Tela la ekseli moja lenye matairi mawili ya 104 limekwisha uwezo kwenye kilo 1,800 hata kama chasisi yake imetengenezwa kwa reli za treni. Soma pia tarehe: namba nne za mwisho katika mfululizo unaoanza na herufi za DOT ni wiki na mwaka, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi ya tela hukaa juani bila kutembea na huzeeka yakiwa bado na meno. Mtumba wa miaka kumi usiuweke kwenye tela la tani mbili.

Upepo ujazwe asubuhi matairi yakiwa baridi, na ya nyuma ya gari yaongezwe kufuata kibati cha mlango kwa gari lenye mzigo.

Gari linakufa nguvu mlimani. Injini imechoka?

Huenda, lakini fanya hesabu kabla ya kulipa. Kilo 5,500 kwenye mwinuko wa asilimia 8, kwa kilomita 40 kwa saa, zinahitaji takriban kilowati 57 kwenye matairi. Injini ya 1HZ ya Land Cruiser, lita 4.2 isiyo na tabo, ina kilowati 96 ikiwa pwani. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kimo, kwa kuwa hewa imekuwa nyepesi. Kwenye mita 1,500 hivi, kimo cha nyanda za Iringa, zimebaki kama 81, na giaboksi, difu na feni hula sehemu yao kabla nguvu haijafika chini. Kwa hiyo gari hilo likipanda kwa kilomita 40 hadi 45 kwa saa, ni zima kabisa. Anayelitaka lipande kwa 70 anadai nguvu ambazo halikuzaliwa nazo.

Hilux ya lita 2.8 yenye tabo, iliyoongezwa mwaka 2020 hadi kilowati 150, ina akiba kubwa zaidi na kimo hakiiathiri sana. Ikilemewa kwenye mlima huo huo, tafuta chujio la hewa lililojaa vumbi, chujio la dizeli, na mpira wa hewa ya tabo uliopasuka. Mpasuko mdogo kwenye mpira huo hula nguvu nyingi na hausikiki ndani ya kabati, hasa ukiwa na madirisha yaliyofungwa.

Na rudisha gia mapema. Dizeli ikiachwa izame chini ya mizunguko 1,500 huku mguu umekandamiza sakafu, inatoa joto jingi na mwendo kidogo. Rudisha kabla mlima haujaanza kukubana, uiache injini izunguke pale inapovuta vizuri.

Linachemsha kwenye milima. Fundi anataka kutoa thermostati, ile vali inayofunguka maji ya injini yakipata moto.

Mkatalie. Kwenye injini kama 1HZ, thermostati ikiwa imefunguka hufunga pia njia ya mkato ambayo maji hupitia bila kwenda kwenye rejeta. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini bila kupozwa. Kwenye tambarare gari litaonekana limepona. Mlimani na tela litachemsha upya, na asubuhi za baridi litachelewa kupata joto na kula dizeli zaidi.

Sababu za kweli huwa za kawaida: rejeta iliyoziba kwa mbegu za nyasi, wadudu na matope, klachi ya feni iliyochoka, kifuniko cha rejeta kisichoshika presha, na maji ya bomba badala ya kulanti, yaani majimaji maalumu ya kupozea injini. Kifuniko kizima kinapandisha kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 120. Kibovu kinakuacha kwenye nyuzi 100, au chini ya hapo ukiwa nyanda za juu. Osha rejeta kwa maji ya kawaida kutoka upande wa injini kwenda nje. Mashine ya presha ya kuoshea magari hukunja mapezi.

Niweke chipu, tabo, au nifungue pampu?

Kama umefanya yote ya juu na bado unahitaji, chipu, yaani kifaa cha elektroniki kinachoongeza nguvu za injini, ikiwekwa kwa kiasi kwenye injini mpya ya tabo hufanya kazi. Lakini nguvu hiyo inatoka kwenye dizeli zaidi, dizeli zaidi ni joto zaidi, na anayevuta tela hutumia nguvu hiyo dakika 20 mfululizo mlimani, tofauti na anayepita gari la mbele kwa sekunde chache. Weka geji ya joto la ekzosi, na mshale ukikaa juu ya nyuzi 700 punguza mguu. Bila geji hiyo nisingeweka chipu kwenye gari la tela.

Kufungua pampu ya 1HZ ili imwage dizeli zaidi, bila kuongeza hewa, ni hasara tupu. Moshi mweusi ni dizeli ambayo haikuungua, na nyanda za juu ndiko unakozidi. Tabo ya kuongezwa kwenye 1HZ imewasaidia wengi, ila injini hiyo haikuundwa kwa ajili ya tabo. Presha iwe ndogo na fundi awe amewahi kuifanya kazi hiyo.

Matairi makubwa yanaongeza nguvu ya kuvuta?

Yanapunguza. Ukitoka 265/65R17 kwenda 285/70R17, kipenyo kinaongezeka kwa asilimia 7, na nguvu inayofika barabarani katika kila gia inapungua kwa kiasi kinachokaribia hicho. Rudi kwenye saizi ya kiwandani kabla ya kununua kitu kingine chochote. Anayetaka kwenda upande wa pili hubadilisha gia za difu: kutoka 3.9 kwenda 4.3 huongeza mvuto kwa asilimia 10. Kwa gari la 4x4 lazima difu zote mbili, ya mbele na ya nyuma, zibadilishwe pamoja, na gharama si ndogo.

Gari langu ni otomatiki. Kuna tahadhari?

Oili ya giaboksi. Gari likiwinda gia, mara ya tano mara ya nne, mlima mzima, oili inapata moto na kuungua. Shikilia gia moja kwa mkono, ongeza rejeta ndogo ya oili ya giaboksi mbele ya ile kubwa, na badilisha oili mapema kuliko kitabu kinavyosema kwa matumizi ya kawaida. Ikinuka kuungua, usisubiri.

Na kushuka?

Ingia kwenye gia ndogo kabla ya mteremko, kwa mwendo ambao injini yenyewe inaweza kuushikilia. Injini ya dizeli ya pikapu haishikilii gari kwa gia vizuri kama ya petroli, kwa hiyo anza na gia ndogo zaidi ya unavyodhani, na kwenye miteremko mikali ya vumbi tumia gia nzito za 4x4. Kanyaga breki kwa nguvu kwa muda mfupi, punguza mwendo, achia zipoe, rudia. Kuzigusa kidogo kidogo bila kuachia ndiko kunakozipika. Wala usitie gia huru ukiokoa mafuta.

Bima na leseni?

Uliza kampuni yako ya bima kwa maandishi kama tela limo ndani ya bima ya gari, na hakikisha daraja la leseni yako linaruhusu kuvuta tela la uzito huo. Magari yenye uzito wa jumla wa kuanzia tani 3.5 huhitajika kupita kwenye mizani ya barabara kuu, na pikapu na tela vinaufikia uzito huo upesi.

Mzigo wangu ni tani tano kila wiki. Nibadilishe nini kwenye Hilux?

Usibadilishe chochote. Hakuna springi, chipu wala breki itakayoifanya pikapu ya tani moja ivute tani tano kila wiki bila kuharibu giaboksi, difu na hatimaye kumuumiza mtu. Kodisha Canter kwa safari hizo, au inunue kama kazi inalipa. Hilux iache ivute tani moja na nusu kwenye tela lenye breki, na itaendelea kuifanya kazi hiyo kwa miaka mingi.